Wababa wa Bondeni

9 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Sisi huku juu hatujambo. Baridi imeanza mapema, na asubuhi vidole vyangu vinagoma mpaka nivitie kwenye maji ya moto ndipo vishike sindano. Muhula umenikuta na sare mia mbili na kitu, sketi za kijivu na mashati ya bluu, na kati ya wale wasichana wangu wawili wa kushona mmoja amejifungua, kwa hiyo nashona kola mpaka naziona nikifumba macho. Cherehani ile kubwa imetengenezwa. Jirani yetu mwalimu amestaafu. Kaburi la mdogo wangu limejengewa na limependeza, siku utakapojaliwa kuja utaliona.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, na ukishacheka mimi nasahau nilichotaka kusema.

Chiriku ameniandikia. Miaka kumi, na mwandiko ni wa mama yake mtupu, herufi zote zinaegemea upande mmoja. Amenitumia na picha. Yuko juu ya mwamba wa goli, ananing'inia kwa magoti, kichwa chini, nywele hazijasukwa, na juu ya jicho ana nyuzi tatu. Nyuzi, Shemeji. Mimi kazi yangu ni nyuzi, naweza kuzihesabu hata kwenye picha. Nyuma yake unaonekana wewe, baba mzima, umevaa kaptula, umeshika ndoo ya chokaa, unacheka.

Halafu ananiambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba muhula uliopita alikuwa wa thelathini na nane. Darasa lina watoto arobaini na watano. Mama yake alipokuwa hai, mtoto huyu hakuwahi kutoka kwenye watano wa kwanza.

Siku mdogo wangu alipolileta jina lako hapa nyumbani, mimi nilisema: huyo ni wa bondeni. Na wanaume wa bondeni tunawajua. Mnazaliwa na ndala miguuni na mpira kwapani. Mtoto wenu akiungua, atapoa. Akianguka, atainuka. Akifeli, atafaulu mwakani, na mwakani akifeli tena, basi mtasema huyu ni wa michezo. Baba wa bondeni ni mtoto tu, ila amewazidi wenzake urefu. Tulicheka sana kwa utani huo miaka yote, na wewe ulicheka kuliko sisi. Sasa sicheki.

Nataka mtoto aje akae kwangu kuanzia muhula ujao. Chumba kipo. Nijibu.

Mimi,
Mama Mkubwa wake


30 Machi

Shemeji yangu wa huko mawinguni,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuvua kofia. Sisi huku chini wazima. Mvua imeufanya uwanja kuwa uji, juzi roli la kushindilia lilizama mpaka nusu ya gurudumu na tukalivuta watu sita. Manispaa wameniletea mashine mpya ya kukatia nyasi. Nimeikagua, kumbe ni ile ya zamani, imepakwa rangi. Nimeipokea kwa saini na shukrani.

Zile nyuzi ni hivi. Mwanao alishuka ngazi za jukwaani kwa baiskeli. Mara ya kwanza nilimwambia shuka, akashuka. Mara ya pili nilimwambia shuka, akashuka. Mara ya tatu nilikuwa napiga mistari, sikumwona. Daktari alipomshona alikuwa anahesabu kwa sauti, na tuliporudi alimweleza mlinzi wa geti kwamba yule daktari hajui kushona, angekuwa Mama Mkubwa mshono usingeonekana. Kwa hiyo uchukue hiyo sifa, ni yako.

Hiyo thelathini na nane nayo usiitazame kwa hasira. Wako saba nyuma yake, nao wana wazazi.

Na kama ni utani, sisi pia tunawasikia wababa wa mlimani. Baba wa mlimani akitabasamu, watoto wanakimbia kumwita daktari. Mtoto akitaka kumwamkia, anapanga foleni na daftari mkononi.

Hilo la kuja kukaa huko tutalizungumza taratibu. Halina haraka.

Hujaniambia Mzee anaendeleaje. Umeitaja cherehani, umemtaja jirani, baba yako hukumtaja. Nisalimie.

Shemeji wako wa ndala,
Baba Chiriku


16 Aprili

Shemeji,

Salamu. Hatujambo. Msichana aliyejifungua amerudi kazini na mtoto mgongoni.

Umeniandikia ukurasa mzima wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Wako saba nyuma yake." Nimesoma sentensi hiyo nikaiweka barua chini, nikakata vitambaa vya mashati kumi na mawili ndipo nikaweza kuishika tena, na mikono miwili ya shati nimeikata vibaya kwa ajili yako. Mtoto wa mdogo wangu anazama na wewe unamhesabia waliozama zaidi yake!

Neno "taratibu" nalijua. Mdogo wangu alikuwa anasema hapana mwanaume mwenye subira kama wewe. Mimi sioni subira, naona uvivu uliovaa raba. Unakimbia na mtoto asubuhi, unakimbia naye jioni, katikati hapo nani anamkagulia daftari? Nani anamsuka? Nani anamwambia kwamba dunia haina nyasi kila mahali?

Tena kwa kuwa umenilazimisha, nitalisema. Siku ya mazishi. Watu wamekaa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mdogo wangu hajamaliza hata saa mbili ardhini, mimi natoka nyuma ya nyumba kutafuta sufuria na ninakukuta unacheza mpira na watoto. Mjane wa kiume, shati limetoka nje, unapiga chenga. Unajua watu walisema nini? Walisema, si mnamwona, wa bondeni. Nami nilikutetea. Nikasema ni uchungu. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilikutetea kwa ukweli.

Mwalimu mkuu wa shule ya hapa chini ya kilima ni mteja wangu. Nafasi ipo, ameniandikia jina kwa penseli. Ananisubiri mpaka mwisho wa Mei aliandike kwa kalamu. Nijibu kabla ya hapo, ndiyo au siyo, neno moja tu, hata kaptula yako ina mfuko wa kutosha neno moja.

Mama Mkubwa


3 Juni

Shemeji,

Salamu. Umenyamaza, nami nimeelewa. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, najua haikuwa rahisi.

Nimemshonea sare ya shule mpya, iko kwenye furushi hili. Siku ya kufunga shule nitakuja mwenyewe kumchukua, usijisumbue kuacha kazi, najua mna mashindano.

Mungu akubariki. Nilikuwa nimekufikiria vibaya.

Mama Mkubwa


24 Juni

Shemeji,

Sina salamu za kutosha kwa hiyo sitazianza.

Ile Ijumaa nilifika kwenye geti la shule saa sita kamili na chokaa bado kwenye viatu. Watoto wakatoka, wakaisha. Nikamuuliza mlinzi. Akaniambia, "Mzee, wako si ameshaondoka na mama yake?" Nikamwambia mama yake ni marehemu. Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Mama yake," akasema, "wamefanana mpaka mwendo." Unajua nilisimama pale muda gani nikijaribu kuelewa sentensi hiyo?

Nimekimbia. Nimekwenda uwanjani, nikafungua vyumba vyote vya kubadilishia nguo. Nimekwenda hospitali. Nimekwenda polisi, na askari wa zamu, kijana wa huku huku bondeni, akanisogezea kiti akaniambia, "Tulia mzazi, watoto wetu unawajua, njaa ikimshika atarudi." Aliyasema huku anatabasamu. Miaka yote hayo ni maneno yangu, nimewaambia watu wengi wenye roho juu. Siku hiyo nilitaka kuipindua meza yake.

Saa kumi na mbili jioni ndipo nikasikia sauti yako kwenye simu, kavu, eti, "Tumefika salama, kwani hukupata barua?"

Barua uliibana kwa pini ndani ya kola! Furushi lilikuja wiki ya mashindano, nililichungulia upande mmoja, nikaona sketi ya kijivu, damu ikanipanda, nikalitupa juu ya kabati ya ofisini kwenye mifuko ya chokaa. Hilo ni kosa langu na nimelimeza. Nimelifungua baada ya simu yako. Na sketi yenyewe haimfiki magotini, umemshonea mtoto wa mwaka jana. Humjui hata urefu.

Sasa sikiliza, maana hili hakuna aliyewahi kukueleza. Kwetu mtu hamwambii mkubwa wake "sitaki" usoni. Ananyamaza. Mkubwa anaelewa, heshima inabaki, maisha yanaendelea. Nilinyamaza wiki saba. Nilinyamaza kwa adabu, Shemeji, na adabu yangu ndiyo uliyoitumia kunichukulia mtoto. Kumbe kwenu mtu akinyamaza amekubali. Mdogo wako aliwahi kuniambia kwamba katika nyumba yenu hakuna aliyewahi kukataa kitu kwa sauti. Nilidhani ananitania.

Na mazishi. Umelihifadhi hilo mwaka mzima na miezi. Basi na mimi nikwambie nilichokiona. Watoto sita walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa nyuma kama mizigo. Mmoja alikuwa wangu. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno hata moja, yeye, Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa sababu hajui kufunga mdomo. Nyinyi wote mlimpita mkienda kuchukua masufuria. Mimi nilikuta mpira chini ya ngazi, nikampigia miguuni. Hakuupiga. Nikampigia tena. Mara ya nne akaurudisha, na mara ya sita akasema, "Baba, hiyo ni kona." Ndilo neno lake la kwanza. Waambie hao waliosema wa bondeni. Waambie kwamba sikuwa naona mpira vizuri.

Ningepanda basi siku ile ile. Kilichonizuia ni yeye mwenyewe. Nilipokuomba umpe simu, alisema, "Baba usije kwanza, nataka kuona chumba cha mama." Kwa hiyo atakaa likizo, si siku moja zaidi. Tarehe kumi na tatu Julai nakuja.

Neno la mwisho. Mzee asibaki naye peke yake. Unajua kwa nini. Sitaandika kwa nini, kwa sababu aliyeniambia aliniapisha, na alikuwa mdogo wako.

Baba Chiriku


2 Julai

Shemeji,

Salamu. Hatujambo sote, na mtoto hajambo.

Maneno yako ya hasira nimeyapokea, wewe ni mzazi na una haki yake. Lakini kabla hujaja kumchukua, sikia anavyoendelea, labda utaona haya.

Anaamka saa kumi na mbili kasoro. Anatandika kitanda. Tunafanya hesabu kabla ya chai na kusoma kabla ya chakula cha mchana. Nimemsuka. Nimemshonea sketi nyingine, kweli amerefuka. Jedwali la saba na la nane lililokuwa linamtoa jasho sasa analisema bila kuangalia juu. Anakaa mezani mpaka aambiwe ainuke. Na zile kelele zake zimekwisha kabisa, wateja wanakuja wanauliza kama kuna mtoto ndani.

Habari zako hajauliza.

Chumba cha mama yake ameshakiona. Aliuliza kwa nini mlango una komeo upande wa nje, nikamwambia nyumba za zamani zilijengwa hivyo.

Kuhusu Mzee sijui unataka nikuambie nini. Ana miaka themanini na mmoja. Anasikiliza redio na kukaa juani. Ukali wake ulikuwa ukali wa wababa wote wa huku, na katika nyumba hii hakuna aliyefeli, hakuna aliyelewa, hakuna aliyekuja na nyuzi usoni. Baba yetu hakuwahi kucheka nasi hata siku moja, na tazama, mimi ni mtu. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kutia chumvi tangu utotoni. Kama alikuapisha, alikuapisha jambo alilolikuza mwenyewe.

Fikiria vizuri kabla ya tarehe kumi na tatu.

Mama Mkubwa


10 Julai

Shemeji,

Njoo umchukue. Usisubiri Jumamosi.

Ile simu ya asubuhi ambayo mtu hakusema kitu ilikuwa yangu. Nilikusikia ukisema haloo, haloo, nikakata. Barua hii nampa dereva wa basi la kwanza aikabidhi mkononi mwako uwanjani, nimemwambia asimpe mlinzi, asiiweke mezani, akupe wewe.

Kwanza, nilikudanganya. Ameuliza habari zako kila siku. Anauliza kama umekumbuka kuchemsha maji. Anauliza nani anakushikia kamba unapopiga mistari.

Jana mchana nilikuwa nakata kitambaa. Chiriku alimaliza hesabu akaniomba akimbie kidogo nje, na sijui ni kwa nini nilikubali, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kumsikia. Akavua viatu. Akawa anaizunguka nyumba, anapita dirishani kwangu anataja namba kwa sauti, thelathini na tatu, thelathini na mbili, ndizo sekunde zake, zinapungua. Nilianza kumsubiri dirishani. Mzunguko wa tano alikata kona kwa upande wa Mzee, akagonga kigoda, redio ikaanguka ikapasuka.

Mzee hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti. Alisema, "Mlete ndani." Nikamleta. Akavua mkanda. Akaniambia, "Mshike."

Nina miaka hamsini na miwili. Nina cherehani tatu na watu wawili wanaokula kwa kazi yangu. Chakula anachokula Mzee nakipika mimi. Nikamshika.

Sijui nikuelezeje. Mikono iliijua kazi. Vifundo viwili vya mikono kwa pamoja, unamlaza kifua kwenye meza, unavuta kwa upande wa pili ili mgongo unyooke. Ndivyo nilivyomshika mdogo wangu. Unauliza lini, nitakwambia: kila mara. Mara kubwa kuliko zote alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa ameshinda mbio za shule akarudi nyumbani kwa miguu na ile bukta mwilini, mji mzima ukamwona. Alinitazama usoni kutoka pale mezani akaniambia, "Dada, wewe ndiye unayeniumiza." Miaka minne baadaye akaja kutuambia anaolewa na mtunza uwanja wa bondeni, nami nikasema yote yale niliyosema kuhusu ndala na mpira. Nimeyasema miaka kumi na tano. Ilikuwa rahisi kuliko kusema alikuwa anakimbia nini.

Lakini mwanao, Shemeji. Nilipomshika vifundo mwanao alicheka. Alifikiri ni mchezo. Aliinua macho akasema, "Mama Mkubwa, unanizungusha?" Kumbe wewe humshika hivyo na kumzungusha hewani.

Mkanda ulishuka mara moja. Ndipo nikamwachia. Ningekuwa nimemwachia kabla, ningekuwa na kitu cha kujitetea. Sikumwachia kabla.

Baada ya hapo niliuchukua ule mkanda. Nimeukata kwa mkasi wa vitambaa vipande sita mbele yake Mzee, mkasi umeharibika, na nimemwambia leo ajipakulie mwenyewe. Amesema nimerukwa na akili. Huenda. Ningerukwa nazo mapema.

Chiriku yuko chini ya meza yangu ya kukatia. Hakulia. Amekunja magoti, ananitazama mikono. Nikisogea anasogea. Nimemsukumia sahani kwa mguu ili nisiinyooshe mikono.

Njoo.

Mimi


4 Agosti

Shemeji,

Shikamoo. Ninaiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, usiisome zaidi ya hapo.

Siku niliyokuja sikukwambia neno kwa kuwa nililokuwa nalo mdomoni halisemwi mbele ya mtoto. Nilikuona umesimama nyuma ya cherehani, mikono umeificha kwenye mifuko ya aproni. Nilipita. Nilimwona na Mzee pia, amekaa juani. Aliniambia, "Karibu, mkwe." Huo utulivu wake! Halafu mnasema watulivu ni sisi.

Alama imetoka. Ilikaa siku kumi na tisa. Nilikuwa naihesabu kila jioni nikimpaka mafuta, na kila siku nilikuwa na barua nyingine kichwani ya kukuandikia, mbaya kuliko ya jana yake. Nimezichana zote. Hii ndiyo iliyobaki, na yenyewe usidhani imepoa.

Kwenye basi aliniuliza, "Na mama alishikwa?" Saa saba za njia, Shemeji, nami mwaka mzima na nusu nilikuwa nimempiga chenga. Kila alipomtaja mama yake nilimwambia twende tukimbie. Akija na daftari nilikuwa naweka saini bila kusoma, kwa sababu mwenye kusoma alikuwa mama yake, na nikisoma ningeona hayupo. Ile ripoti ya thelathini na nane niliisaini juu ya mfuko wa chokaa. Watu wakisema yule baba mpole, hana presha, wa bondeni huyo, nilikuwa nafurahi. Ni nguo nzuri ya kujifichia, kila mtu anakuvisha bure. Kwa hiyo katika yale maneno yako kuna moja la kweli, na linaniuma kwamba umelisema wewe, mtu usiyekuwa na haki ya kunisemea hata rangi ya soksi zangu.

Nilimwambia yote. Komeo, mbio, bukta, meza. Kiapo nimekivunja, mdogo wako atanisamehe au hatanisamehe, tutaonana naye. Mtoto alisikiliza mpaka tukafika. Hakulia yeye, nililia mimi, abiria wakawa wanatazama dirishani.

Sasa nasoma daftari. Sielewi hesabu za darasa la tano, nakaa nazo ofisini nazisoma kabla ya kufungua uwanja ili jioni nisiaibike. Wiki iliyopita nilimkemea kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kwa sababu alipanda tena ngazi na baiskeli. Alishtuka. Nami nilishtuka. Kisha akashuka, na baiskeli nimeifungia kamba mpaka mwezi ukatike. Sikumgusa. Usije ukadhani mtu hawezi kukaza bila kushika.

Hayo si niliyotaka kuandika. Nimezunguka.

Jumamosi tarehe ishirini na nne kuna mbio za watoto hapa uwanjani, na yeye atakimbia mita mia nne. Anataka uje. Nimemuuliza mara tatu, kwa njia tatu, nikitumaini atabadilika. Anataka uje. Mimi sitaki, na safari hii nalisema kwa sauti ili usinisome vibaya: sitaki. Lakini mbio ni zake. Kwa hiyo njoo, peke yako. Utafikia kwangu, utakula, na hakuna mtu atakayekutania. Hutamshika, hata kumsuka, mpaka yeye mwenyewe akuombe.

Tena uje umejiandaa. Tangu turudi ana swali moja tu, analirudia tukiwa tunapiga mistari, yeye ameshika kamba upande wake na mimi upande wangu. Anauliza kwa nini Mama Mkubwa hakumwachia kabla mkanda haujashuka. Ninamwambia sijui. Ananiambia, "Basi tutamuuliza."

Atakuuliza mbele yangu. Nami nitakuwa nimesimama pale pale, sitakusaidia kujibu.

Baba Chiriku